Mke Mwenza wa Shaba

Mimi sina mke mwenza, lakini nimeishi na ngoma miaka arobaini na mmoja, kwa hiyo usinifundishe kitu kuhusu wivu. Nilipoolewa nilizikuta ndani. Ngoma tano na matoazi matatu, yale masahani ya shaba, zimetandazwa kwenye chumba chenye dirisha kubwa, wakati mimi na masanduku yangu tulipelekwa kile chenye kidirisha cha kutolea moshi. Nilimuuliza mume wangu kwa nini. Akasema mbao hazipendi unyevu. Jamani, na mimi je?

Wenzake bendini walimwita Saa, kwa sababu hakuwahi kupoteza mpigo. Nyumbani saa hiyo haikuwahi kufika kwa wakati. Nimemngoja na chakula mpaka kikapoa, nikakipasha, kikapoa tena. Lakini ni mpole, hajawahi kunipandishia sauti, na tangu bendi ivunjike amekuwa akizipiga ngoma zake jioni kidogo tu, fimbo zimefungwa vitambaa, ili majirani wasije kugonga mlango.

Mwaka huu magoti yake yalikataa ngazi. Sisi tuko ghorofa ya tatu. Binti yetu akasema yatosha, tuhamie kwake, ana chumba cha chini. Alikuja na futi yake akapima makochi, akapima ngoma, akaandika kiganjani. Chumba kinachukua kitanda, kabati, na kitu kimoja kikubwa: ama makochi yangu, ama ngoma za baba yake. Akasema tuchague wenyewe, yeye hamo. Mtoto mjanja yule, sijui kamrithi nani.

Makochi hayo niliyapata kwa jasho langu, nikishona sare za shule miaka mitatu, macho yakiniuma. Sikuwa na mpango wa kuyaacha. Tulibishana wiki nzima, mume wangu kwa upole, mimi kwa mdomo wote niliojaliwa. Mwisho nikamwekea sharti. Tumwite mtu anayejua mambo haya. Akisema hilo likuukuu lako la ngoma lina thamani sawa na seti mpya ya dukani, linakwenda nasi na makochi yanabaki. Akisema halifiki, ngoma zinabaki na sitaki kusikia neno. Nilijua nimeshamaliza mchezo. Yeye akakubali haraka mno, akanipa na mkono, nikaingiwa na wasiwasi kidogo.

Siku ya kuja fundi tuliyemwita niliamka alfajiri kuyasugua matoazi, ingawa nilikuwa nimeyasugua Jumamosi kama kawaida. Hata mke mwenza humtoi mbele ya wageni na uso mchafu. Hiyo ndiyo kazi yangu tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Kila Jumamosi mchana nakaa sakafuni na majivu yaliyochekechwa, nusu limau na kipande cha fulana, nasugua matoazi, nasugua na vile vibati vya jina la kiwanda vilivyogongomelewa kwenye ngoma. Yeye anakaza skrubu zake, na wote wawili tunausengenya ukoo mzima, wake na wangu, bila upendeleo. Asubuhi hiyo yaling'aa mpaka nikajiona meno.

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, miwani imefungwa kamba shingoni. Anatengeneza vyombo vya muziki, na watu wanaonunua vya zamani humtanguliza yeye akague kabla hawajatoa hela. Nilimkaribisha chai, akasema chai baada ya kazi. Nikampenda hapo hapo.

Alifungua ngoma moja moja, kila skrubu akaitia kwenye kikombe changu cha maua. Zile ngozi za plastiki za juu aliziweka pembeni bila hata kuzitazama, akasema hizo hubadilishwa kama soksi. Alichotaka ni mti. Alihesabu matabaka ya mbao kwa ukucha. Akapapasa ndani akitafuta matundu ambayo kiwanda hakikutoboa, maana watu wengine, alisema, huitoboa ngoma nzuri kama wanatundika picha. Halafu akalaza ngoma kifudifudi juu ya meza ya kioo, akatuomba tufunge pazia, akawasha tochi kuielekeza ndani na kuinama mpaka shavu likagusa meza. Alikuwa anaangalia kama mwanga unavuja pale ukingo unapokutana na kioo. Ukivuja, mti umepinda, habari imeisha.

Mwanga haukuvuja. Akajaribu ya pili, ya tatu, zote tano. Hata ile kubwa inayopigwa kwa mguu, tuliyoinyanyua watatu, haikuvuja popote.

"Mzee, umezitunza," alisema.

Mume wangu alikuwa amesimama ukutani mikono nyuma, kama mwanafunzi anayengoja kusomewa matokeo. Mtu wa miaka sabini na tatu. Nilimwangalia na, nitasema ukweli wangu, nikajikuta namwombea ashinde. Makochi yangu yako sebuleni, nami nimesimama hapo namwombea mpinzani wangu. Nilijiona mjinga kabisa.

Ndipo fundi akafungua pazia, akageukia vile vibati vya jina. Akakishika kimoja, akavaa miwani, akavua, akakipangusa kwa shati, akakielekeza dirishani. Kisha akachukua toazi kubwa, akalipeleka kwenye mwanga, akalizungusha taratibu, akapitisha ukucha kuanzia katikati hadi ukingoni. Akafanya hivyo kwa matoazi yote matatu. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chai, nangoja kusifiwa.

"Nani alikuwa anasugua haya?" aliuliza.

Alieleza kwa heshima, sina la kumlaumu. Toazi la zamani huachwa liive, lifanye rangi ya asali iliyokolea, na mnunuzi anailipia hiyo rangi. Linakuwa na muhuri wa kiwanda, na linakuwa na mistari midogo iliyochongwa kwa mashine kuzunguka lote. Haya muhuri umefutika, mistari imelainika, na vibati vimebaki vibati, havina hata herufi. Mbao ni nzuri sana, alisema, lakini seti ya namna hii nusu ya thamani yake iko kwenye matoazi na kwenye jina. Mtu akiiuza leo hana cha kuonyesha kwamba ndiyo yenyewe. Haifiki bei ya seti mpya. Haikaribii.

Sinia lilinikaa mkononi kama jiwe la kusagia. Miaka arobaini na mmoja. Nilianza kuzihesabu zile Jumamosi, nikashindwa, kila moja na limau lake.

"Mimi ndiye niliyesugua," mume wangu alisema. "Ujinga wa ujana. Nilidhani natunza."

Alisema bila kunitazama, kwa sauti ile ile anayotumia kuagiza sukari. Fundi akatikisa kichwa, akaanza kuandika kwenye karatasi yake. Mume wangu akasema basi, tulipeana mkono, ngoma zitabaki, na magoti yenyewe hayamruhusu tena kupiga ile ya mguu. Huo ulikuwa uongo wa pili ndani ya dakika moja. Juzi tu nilimsikia akiipiga.

Watu wananijua, mimi kunyamaza siwezi. Nilitua sinia juu ya kiti nikamwambia fundi afute alichoandika. Aliyesugua ni mimi, na leo alfajiri nilisugua tena, akitaka ushahidi aninuse mikono. Kisha nikamgeukia mume wangu. Nilikuwa na hasira, lakini sikujua namkasirikia nani.

"Ulijua?"

Akakwaruza ndevu. Akasema alijua tangu mwaka wa sita. Mpiga gitaa wao alifika nyumbani siku moja, akayaona matoazi, akashika kichwa kwa mikono miwili. Alimweleza yote haya haya aliyoyaeleza fundi. Mume wangu alingoja Jumamosi ili aniambie. Akaingia chumbani akanikuta nimekaa sakafuni na kitambaa changu, nimekwisha anza.

"Mbona hukuniambia?" niliuliza.

"Ulikuwa unazichukia ngoma," alisema. "Wiki nzima hukanyagi chumba hiki. Ningekwambia usisugue, Jumamosi ungeingia kufanya nini?"

Fundi akajishughulisha na mkoba wake, akatafuta kitu ambacho nadhani hakikuwemo. Miaka thelathini na mitano mtu huyu amekaa kwenye kigoda chake, anaona kitu anachokipenda kinaisha chini ya mkono wangu, Jumamosi moja baada ya nyingine, na anacheka nami hadithi za shangazi zangu. Na mimi nikijua namfanyia hisani. Nikijisifu hata kwa majirani. Nilitamani kumpiga na nilitamani kumkumbatia, na kwa kuwa mgeni alikuwepo nikapangusa pua kwa kanga.

Nilimuuliza fundi kama matoazi yanaweza kupona. Akasema maandishi hayarudi, hayo tuyasahau. Rangi hurudi yenyewe, mradi asiyaguse mtu. Nikauliza kwa muda gani. Akafikiri, akasema miaka kumi na tano, labda ishirini.

Mume wangu akacheka, akasema kwa umri wake hayo ni mambo ya kuandika kwenye wosia. Nikamwambia anyamaze. Nikamwambia na lile sharti limekufa, kwa sababu mchezaji mmoja alikuwa anaharibu uwanja. Ngoma zinakwenda. Akaanza kunikumbusha macho yangu na zile sare za shule, nikamkata kauli. Nikamuuliza fundi kama anathamini na makochi. Akasema hapana, mama, lakini ana dada anayetafuta. Akanywa chai yake vikombe viwili, na hela ya ukaguzi akaipokea nusu tu, tulipombembeleza sana.

Tulihama mwisho wa mwezi. Chumba cha binti yetu ni kidogo kweli, ukitaka kufungua kabati lazima usogeze ngoma ya mguu, na usiku najigonga nayo kidole na kuitukana. Jumamosi ya kwanza, baada ya chakula cha mchana, mume wangu alikwenda kukaza skrubu zake. Nilimsikia kutoka jikoni. Nilisimama pale kwenye karai muda mrefu, sina majivu, sina limau, sina kitambaa, mikono inaning'inia tu kama ya mtu aliyeachishwa kazi.

Nikaingia. Aliniangalia mikono kwanza, halafu uso, na ufunguo wake wa skrubu ukasimama. Nilimwambia asogee kidogo, nami nikakaa.