Barua ya Makuti

Vita vilipokwisha, askari waliondoka Likoni wakaenda zao, na Dhahabu binti Boga akaachwa na makuti elfu nne. Yeye na wanawake wenzake sita walikuwa wameyashona kwa ajili ya kuezekea mabanda ya kambi. Sasa kambi ni tupu, na makuti yamepangwa uani yamepita urefu wa ukuta. Masika nayo yalikuwa mlangoni. Makuti yaliyolala chini yakinyeshewa huoza, na kazi ya miezi mitatu ya wanawake saba ingegeuka mbolea.

Ndipo zikaja habari kwamba Mzungu mmoja ajenga hoteli ya vibanda kule Shelly Beach. Dhahabu hakulaza damu. Alimwendea kaka yake Mwidani, aliyepata kuwa karani wa ghala na mwandiko wake ulisifika, akamwambia, "Kaka, niandikie barua. Nataka Mzungu yule anunue makuti yangu."

Waliiandika asubuhi nzima. Jamani, adabu iliyokuwamo! Kurasa mbili za mwanzo zilikuwa salamu tupu: ewe utakayeisoma barua hii, u hali gani, mama yako hajambo, wa nyumbani kwenu wazima, waonaje na joto hili. Ukurasa wa tatu ndipo makuti yakatajwa, na Dhahabu, mtu aliyelelewa akaleleka, angejisifu vipi? Alisema kaka yake aandike: "Makuti yetu si kitu mbele ya mtu mkubwa kama wewe. Ni takataka tu za wanawake wasiojua kazi. Tustahimilie, uyapokee hivyo hivyo."

"Hapo umenena," alisema Mwidani, akaikunja.

Msiwacheke. Kwao mtu kusifia chake mbele ya mgeni kulikuwa ni utovu wa adabu, na hakuna aliyewaambia kwamba biashara haikulelewa nyumba moja nao.

Siku ya nne, adhuhuri, mtu alipiga hodi. Alikuwa bwana wa makamo, mrefu, jasho likimtiririka, ametoka Shelly Beach kwa miguu. Jina lake Odhiambo, mtu wa bara, karani wa yule Mzungu. Barua ilikuwa mkononi mwake.

"Mama, nimekurudishia," alisema. "Bwana wangu hajui kusoma Kiswahili, mimi ndiye namsomea. Sasa nimsomee nini? Wewe mwenyewe umesema ni takataka."

Dhahabu akauliza, "Na mbona hukuitupa?"

Odhiambo aliinamisha kichwa. "Mwaka wa pili huu niko huku pwani. Hakuna mtu aliyeniuliza kama mama yangu hajambo. Barua yako imeniuliza. Nilishindwa kuitupa."

Dhahabu akafanya analolijua. Alimkaribisha barazani alipokuwa Mwidani, akatandika mkeka, akaleta sinia. "Karibu ule, mwanangu. Hapana kitu, ni wali mkavu tu."

Odhiambo alitazama wali wa nazi, samaki wa kupaka na mchicha. Akamtazama Dhahabu, akarudi kutazama sinia. "Mama, hiki ndicho 'hapana kitu'?"

"Ndicho, baba. Utusamehe."

Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Basi nionyeshe na hizo takataka!"

Alipokwisha kula alikwenda uani, akachomoa kuti moja, akalivuta kwa nguvu zake zote. Halikuachia hata mshono. Wakarudi mkekani, naye akawa anauliza, Mwidani anaandika.

"Makuti yenu hukaa miaka mingapi?"

"Aa, kidogo tu."

"Mama!"

"Sita," alisema Dhahabu, kama mtu anayeungama kosa.

"Kuna paa nimpeleke bwana akalione?"

"La banda la wagonjwa pale kambini, tuliliezeka sisi. Masika matatu yamelipita, halijavuja tone."

Barua ya pili ilikuwa ya ukurasa mmoja tu. Mwidani alipoisoma, Dhahabu alijifunika uso kwa leso kwa haya. Odhiambo akamuuliza, "Ni kweli au si kweli?" Akajibu kutoka ndani ya leso, "Kweli, wallahi." Akatia kidole gumba.

Jumamosi lori lilisimama mlangoni. Mzungu alikuwa amekwenda kuliona lile paa, akayataka makuti yote elfu nne, na elfu mbili zaidi. Wenzake Dhahabu walipiga vigelegele mtaa mzima ukatoka nje. Dhahabu hakuweza. Alimfuata Odhiambo penye mlango wa lori, machozi yakimtoka waziwazi.

"Ulitembea jua lote lile kwa ajili ya watu usiowajua," alimwambia. "Ahsante, mwanangu. Mungu akulipe, mie siwezi kukulipa. Lakini Ijumaa usile kwengine. Hapa ni kwenu."

Odhiambo alidhani ni adabu nyengine ya pwani, akaitika tu. Ijumaa ilipofika hakutokea, na saa nane Dhahabu akasimama mbele ya ofisi yake kule Shelly Beach, amejitwika sinia, amechukia kwelikweli. Tangu siku hiyo Odhiambo hakukosa tena.