Mulolongo Nyuma ya Jolie

Watu wa shirika la Fondation Bega kwa Bega waliingia avenue, kile kimtaa cha Birere, siku ya Jumatatu asubuhi, na kabla jua halijawa kali mama Kaswera alikuwa ameshawakataa. Hakuwakataa kwa mdomo. Aliwakataa rohoni, amekaa kwenye kiti chake kifupi mbele ya karai la mafuta, anakaanga visamaki vya sambaza na kuwachungulia kwa pembe ya jicho. Walivaa vesti za bluu na viatu visivyo na vumbi, na mtu kutembea Birere bila kuchafua viatu, hapo tayari kuna jambo. Walisimama mbele ya bomba la avenue, lile lililokauka tangu msimu wa mvua uliopita, wakalipiga picha. Halafu wakalizunguka wakalipiga picha na kwa nyuma. Sasa jamani, bomba lililokufa lina mgongo gani wa kupigwa picha?

Hayo angeyameza. Kilichomkaa kooni ni kwamba hawakugawa kitu. Goma imeona fondation za kila rangi. Iko iliyogawa sabuni, iko iliyogawa vyandarua, na iko moja iliyowagawia miswaki watu waliokuwa hawajala. Hii haikuleta hata kipande cha sabuni. Ilileta swali.

Aliyelibeba swali hilo alikuwa msichana mpole kwa jina la Bénita, ndiye mkubwa wao. Alikuja akachuchumaa mbele ya karai, akasalimia kwa adabu, akasema, "Mama, hapa kwenu, mutu mwenye akisema wengine wanamusikilizaka, ni nani?"

Kaswera akageuza samaki wake. "Hapa hakuna mwenye kusikilizaka mwingine. Unanunua ao unauliza?"

Bénita akanunua, tena bila kuomba apunguziwe. Hilo nalo Kaswera hakulipenda.

Kusema kweli, shaka ya mama huyu haikuwa ya bure, na avenue nzima ilikuwa inaiheshimu. Wakati fulani alipita mtawa, kanzu nyeupe, msalaba kifuani, anakusanya nguo za kupelekea wakimbizi wa Kanyaruchinya. Watu walimwaga makabati. Kaswera peke yake alimwangalia kucha za miguu, zimepakwa rangi nyekundu, akafunga mlango. Kesho yake mama Julie wa jirani alilikuta koti la marehemu mume wake linaning'inia sokoni, linauzwa. Tangu hapo, kila mgeni akiingia, watu walimtazama Kaswera kwanza. Akinyanyua nyusi, basi, mgeni huyo hana lake.

Jioni ya siku hiyo Bénita aliwakusanya watu na kueleza. Fondation haitajenga kitu, haitagawa kitu. Inataka avenue ichague kwa mulolongo, si kwa karatasi za kura, mtu mmoja wa kuisemea, aende kwenye biro, yaani ofisi, ya wakubwa wa muji kuuliza kwa nini bomba limekauka na kwa nini watu wanakunywa maji ya ziwa kama ng'ombe. "Sisi hatutasema pahali penu," alisema. "Tutamusindikiza tu mwenye mutamuchagua."

Kaswera, ambaye alikuwa amejitia kupita njia tu, akauliza kutoka nyuma ya watu, "Kumusindikiza mpaka wapi?"

"Mpaka kwa biro, mama."

"Biro iko na mulango. Mutafika kwa mulango, ao mutaingia?"

Bénita akasita. Alikuwa mtoto asiyejua kudanganya, hilo lazima tumpe. "Mpaka kwa mulango, mama. Ndani anaingiaka mwenye kuchaguliwa."

Kaswera aligeuka akaenda nyumbani, kwa sababu habari ya wasindikizaji wanaoishia mlangoni aliijua.

Mume wake, Kambale, alikuwa anasukuma chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili unaobeba mizigo ya muji huu. Jolie, mtoto wao wa pekee, akiwa bado anavaa sare za shule, wenye chukudu walichoka kunyang'anywa mizigo kwenye kizuizi cha barabara ya Sake. Wakasema Kambale ndiye mwenye kinywa. Wakamchagua kwa mulolongo, kila mtu anasimama nyuma ya anayemtaka, na mulolongo wa Kambale ulipinda kona. Kaswera siku ile alijisikia mke wa mtu mkubwa. Haikupita muda, watu wa kile kizuizi wakaja kumwita, wakasema wana maneno mawili tu naye. Alivaa shati, akatoka. Mpaka leo hajarudi.

Kaswera alipita nyumba kwa nyumba kuwatafuta wale wa mulolongo, waende naye kuuliza. Huyu ana homa. Yule amesafiri kwenda Butembo. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya papa Sikuli, fundi wa kuchonga chukudu, rafiki wa Kambale wa kula sahani moja, na siku ya uchaguzi ndiye aliyekuwa wa kwanza nyuma yake. Mlango wa Sikuli ulifungwa. Kaswera alibisha mpaka vidole vikamuuma, na akaliona pazia likitikisika. Akaondoka. Hakumwambia kitu Sikuli siku hiyo wala siku nyingine, ila sambaza zake hakumuuzia tena.

Basi usiseme mama huyu alikuwa na roho mbaya. Alikuwa na mtoto mmoja.

Na mtoto huyo, kesho yake, alirudi kutoka kwenye kibanda anachosukia watu nywele, akaweka chini kitana chake, akasema, "Mama, wametaja majina mbili. Ya Léopold, na yangu."

Léopold ndiye mwenye lori la maji. Yeye ndiye aliyekuwa anawauzia watu maji ya ziwa tangu bomba likauke, na kwa hiyo unaweza kufikiri mwenyewe angelisemea bomba kwa bidii gani.

"Nani ametaja yako?" akauliza Kaswera.

"Wamama wenye kuchotaka maji."

"Wataje ya watoto wao."

"Mama, mutoto wa mama Julie ametoka hospitali juzi, kwa ugonjwa ya tumbo ya haya maji ya ziwa. Nani atasema?"

"Yeyote. Si weye." Kaswera alikuwa anaosha sufuria ambayo ilikuwa safi. "Watu hawa wamekuja kuuliza nani anasikilizwaka. Unajua nani anaulizaka vile? Ni mwenye kutafuta wa kukamata. Na muji wa sasa, mutu anakohoa, anaangalia kwanza nani amemusikia."

Jolie alisimama wima. Alikuwa na namna ya baba yake ya kusimama, mikono nyuma, kidevu juu, na mtu akimwona hivyo alijua maneno hayajaisha. "Nimeshakubali," akasema.

Kaswera hakupigana naye. Kupigana na damu ya Kambale ni kazi ya kijinga. Alifanya kile anachokiweza. Juma zima, akifunga sambaza katika karatasi, alimwambia kila mteja neno moja, taratibu, kana kwamba halimhusu. "Mimi sisemi kitu. Ila mujiulize, fondation gani haigawi hata sabuni?" Kwa mwingine, "Hawa wanapiga bomba picha, kesho watapiga mulolongo. Na picha inaendaka wapi, unajua?" Kwa mama Julie aliongeza chumvi, "Mwenye ataonekana nyuma ya Jolie, na yeye ataitwa." Hakumchafua mwanawe hata kidogo. Aliwaonyesha tu ile pua yake ya kunusa uongo, akanyanyua nyusi, na avenue ikaelewa.

Na alipokuwa amelala kitandani aliona aibu, kwa sababu mama Julie ni mama wa yule mtoto wa tumbo. Lakini aibu haiui mtu, alijiambia. Kuitwa ndiko kunakoua.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mitaro. Watu walikuwa bado na majembe mkononi na matope mpaka magotini. Bénita akaeleza tena kwamba hakuna karatasi za kura. Léopold asimame upande wa lori lake, Jolie asimame mbele ya bomba, na kila mtu ajipange nyuma ya anayemtaka.

Léopold alisimama akitabasamu, na mulolongo wake ukaanza kukua papo hapo. Wengine walikwenda kwake kwa kupenda, wengine kwa kuwa wana deni lake la maji, wengine shingo upande, macho chini. Mama Julie alikwenda shingo upande. Papa Sikuli naye alikwenda, amezeeka, mgongo umepinda kwa randa, akajipanga karibu na mwisho.

Nyuma ya Jolie hakwenda mtu.

Kaswera alikuwa kando, karai lake miguuni. Alipata alichokitaka, chote, kama alivyokipanga. Mwanawe hatachaguliwa, hataitwa, usiku atakuwa nyumbani amelala salama. Alingoja moyo utulie. Haukutulia. Jolie alikuwa amesimama mbele ya lile bomba kavu, mikono nyuma, kidevu juu, na nyuma yake mawe meusi matupu. Kijana mmoja wa lori akacheka, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mutoto wa Kambale. Hata kivuli yake haijajipanga nyuma."

Jolie hakugeuka. Alimtazama mama yake tu, mara moja, bila kumwomba kitu. Na Kaswera akajua kwamba mtoto anajua. Anajua nani amemwachia jangwa lile mgongoni.

Ilimchoma. Tusidanganyane, ilimchoma kuliko mafuta yoyote yaliyowahi kumrukia. Maana siku ile ya kubisha milango, yeye ndiye aliyekuwa na jangwa hilo mgongoni, na wenye mapazia anawalaani mpaka leo. Sasa pazia ni nani?

Alifuta mikono kwenye kitenge, akaacha karai na sambaza zake, akavuka njia. Alijipanga nyuma ya mwanawe, karibu mpaka akasikia harufu ya mafuta ya nywele.

"Mama," Jolie akanong'ona, "usifanye juu ya huruma."

"Nyamaza. Angalia mbele."

Avenue ilimwona. Na hapa ndipo lilipotokea jambo ambalo Kaswera, pamoja na ujanja wake wote, hakulipigia hesabu. Watu hawakuona mama anayemhurumia mtoto. Waliona ile pua. Ikiwa Kaswera, aliyemjua mtawa wa uongo kwa kucha za miguu, amesimama pale, basi pale hakuna hatari. Mama Julie akawa wa kwanza kuuacha mulolongo wa Léopold. Wakafuata wamama wa maji, wakafuata vijana, na mulolongo ukaanza kurefuka, ukipinda kona vilevile kama ule wa zamani. Léopold akaacha kutabasamu.

Kaswera aliposikia miguu mingi nyuma yake, hakufurahi. Alichokuwa anakikimbia juma zima, amekileta mwenyewe, kwa miguu yake mwenyewe. Akageuka.

Bénita alikuwa ameshaanza kuhesabu, kidole hewani. "Usihesabu, mutoto yangu," Kaswera akamwambia. "Wacha wenye kutoka watoke kwanza."

"Nani anatoka, mama?"

Kaswera aliwatazama wale wa mulolongo, sura moja baada ya nyingine, jinsi anavyotazama noti iliyochakaa. "Musinifuate mimi," akasema. "Mimi mwenyewe naogopa. Juma yote nimewaambia musije hapa, na kila mutu anajua. Sasa musikilize. Bega kwa Bega watamufikisha kwa mulango, wamesema wenyewe. Mwenye anasimama hapa, siku Jolie anaingia, anaingia naye. Na siku wanakuja kusema wako na maneno mbili tu naye, ni sisi wote tunavaa mashati. Mwenye atakuwa na homa siku ile, aende kwa Léopold sasa hivi. Sitamukasirikia. Kukasirika nimefanya ya kutosha."

Kijana mmoja akatoka, akijifanya kuangalia simu. Mume na mke wakatoka, wanasukumana. Mulolongo ukawa na mapengo. Mama Julie hakuondoka, na waliobaki wakasogea mbele kidogo kidogo, wakayaziba.

Ndipo papa Sikuli alipotoka upande wa Léopold. Alivuka njia polepole mbele ya macho ya watu wote, hakwenda mwisho wa mulolongo, akaja moja kwa moja kwa Kaswera. Akasimama mbele yake, kofia mkononi.

"Unatafuta nini huku?" akauliza Kaswera. Ni maneno ya kwanza aliyomwambia tangu ule mlango.

"Siku ile nilikuwa ndani," akasema Sikuli.

"Najua. Niliona pazia."

"Nilikuwa nimekaa chini nyuma ya mulango, mama. Ulipobisha, mbao ilinigonga mugongo. Mpaka leo inanigonga. Uniache nisimame."

Kaswera alitafuta uongo usoni mwake, na yeye ndiye ajuaye kutafuta. Hakuuona, na bado hakumwamini. Akarudi nyuma hatua moja, ikapatikana nafasi ya mtu mmoja kati yake na Jolie, nafasi ya wa kwanza, ileile ya nyuma ya Kambale. Sikuli akaingia.

Bénita akainua kidole, akaanza kuhesabu upya. Na wakati wote wa kuhesabu, Kaswera alikuwa amelishika shati la Sikuli kwa nyuma, amelikunja ngumini, asije akatoroka.