Watu 2,632 wa Ikapuko

Jana mchana, baada ya kula viazi na maharage, Tusekile Mwakalobo alilaza kichwa juu ya meza ya ofisi ya kata, akauota mji wake.

Alikuwa na sababu ya kuuota. Yeye ndiye karani aliyepewa kazi ya kuandika maelezo ya mji mdogo wa Ikapuko: ulianza lini, unalima nini, una watu wangapi. Wiki nzima alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza ni wangapi walilala pale usiku wa Jumapili. Akapata watu 2,632, kaya 612, wastani wa watu 4.3 kwa kaya. Kwenye fomu ya nyumba yake aliandika mtu mmoja. Kaka yake, Ambindwile, alikuwa Makongolosi kwenye machimbo ya dhahabu, mwaka wa saba sasa, tangu walipogombania shamba la marehemu mama yao na Tusekile akamwambia mbele ya majirani kwamba hapa Ikapuko hana kwao.

Ndotoni, mlango unagongwa.

"Hodi."

"Karibu."

Inaingia miguu miwili, kuanzia magotini kushuka chini. Juu ya magoti hakuna kitu.

"Mimi ni nukta tatu," miguu inasema.

"Nukta tatu ya kaya gani?"

"Ya kila kaya. Umeandika nne nukta tatu. Wale wanne wana viti. Sisi tusimame mpaka lini?"

Tusekile anachungulia dirishani. Nje kuna foleni ya jozi 611 za miguu, zimetulia, hazisukumani.

"Mna vitambulisho?"

"Mikono ya kuvishikia hukutupa."

Anaona ni jibu la haki. Anaandika kwamba wamefika.

Kabla hajaweka kalamu chini, ofisi imekuwa barabara, na lori kuukuu linampigia honi. Ndilo lile lori lililoharibikia hapa mwaka 1958, likiwa na mbegu za viazi na familia tatu. Familia zilipanda zile mbegu wakati zikisubiri spea. Viazi vilipokomaa, hakuna aliyetaka tena kuondoka.

"Spea imekuja?" lori linauliza.

"Bado."

"Basi andika kwamba mji huu ni wa muda. Watu wako safarini."

"Kuna shule ya msingi na soko la kila Alhamisi."

"Nimeyaona. Lakini mizigo haijashushwa rasmi."

Tusekile anaandika: mji wa muda, tangu 1958. Lori linashukuru na kuendelea kusubiri.

Sasa yuko sokoni. Watu wote wamepandana mabegani, kwa sababu maelezo yanadai mchoro wa piramidi ya umri. Watoto wako chini kabisa, wanatafuna miwa na hawalalamiki. Wanawake wako kushoto, wanaume kulia. Tusekile anapanda mpaka safu yake, ya miaka arobaini hadi arobaini na minne. Upande wa pili wa safu hiyohiyo, kwa wanaume, kuna pengo la mtu mmoja. Upepo unapita hapo na mji mzima unayumba.

Juu kabisa, peke yake, ameketi Bibi Syabumi, jirani yake, miaka tisini na mmoja. Anamenya viazi. Maganda yanawaangukia walio chini.

"Mjukuu, ziba hilo pengo! Nitaanguka!"

"Mwenye nafasi hayupo, bibi. Yuko Makongolosi."

"Nani kasema?"

"Fomu."

"Fomu uliijaza wewe. Jumapili alilala kwangu. Ulipokuja kuuliza nikakwambia niko peke yangu, naye alikuwa nyuma ya pazia amejiziba mdomo, kikohozi kisisikike."

Mji unaegemea kulia. Miguu yote inapiga hatua moja kwa pamoja. Tusekile anaanguka.

Alizinduka saa tisa, karatasi imemganda shavuni. Alidhani ile ndoto ililetwa na maharage. Hata hivyo hesabu ilitakiwa kufungwa saa kumi na moja, na yeye hakuwa karani wa kupeleka hesabu yenye shaka. Akabeba mkoba wa fomu akaenda kwa Bibi Syabumi, akamkuta ameketi kibarazani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Si ulishatuhesabu?"

"Nahakiki tu. Jumapili mlilala wangapi?"

"Mmoja. Mimi."

Ndani, nyuma ya pazia, mwanamume akakohoa.

Bibi Syabumi akatazama mawingu. "Labda wawili," akasema.

Tusekile aliketi kizingitini. Akatoa kalamu.

"Jina?" akauliza, kuelekea kwenye pazia.

Sauti ikasema, "Si unalijua?"

"Fomu hailijui."

"Ambindwile Mwakalobo."

"Umri?"

"Arobaini na mitatu."

"Kazi?"

"Nilikuwa mchimbaji. Kifua kimekataa."

Kalamu ikasimama kidogo, ikaendelea.

"Makazi ya kawaida?"

Bibi Syabumi alianza kufagia mahali ambapo palikuwa safi.

"Hapo sijui uandike nini," Ambindwile akasema. "Uliniambia hapa sina kwetu."

Tusekile akakisoma tena kile kipengele, ingawa kilikuwa na maneno matatu tu. Halafu akatoa mkobani fomu nyingine, ya nyumba yake mwenyewe, akakata moja akaandika mbili.

"Lakini Jumapili alilala kwangu," Bibi Syabumi akamkumbusha.

"Najua, bibi."

Akasimama, akajikung'uta vumbi, akaligeukia pazia.

"Nimeshaandika, kaka. Chukua vitu vyako twende. Hesabu inafungwa saa kumi na moja."