Mkwe Wangu Katika Behewa la Nyuma

Viti vya treni ya Seattle vinatazamana, magoti kwa magoti, na kwetu Wabukusu mama mkwe haketi hivyo na mume wa bintiye. Basi asubuhi ile Mukhisa alipanda behewa la nyuma, mimi la mbele, tukaongea kwa simu.

"Mama, umekaa?"

"Nimekaa. Si unaona mgongo wangu?"

"Siangalii, mama."

Nilicheka, ingawa roho ilikuwa nzito. Lorna, kifungua mimba wangu, alikuwa apasuliwe kichwa kutolewa uvimbe, naye alitaka kutuona kabla hajatiwa dawa ya usingizi.

Nilikuwa nimetoka Kitale kuja kumuuguza. Katika nyumba yao Mukhisa alikohoa kwanza ndipo aingie jikoni, nipate kukimbilia chumbani. Lorna alituchekelea.

"Hii ni Amerika, bana. Nani anawaona?"

"Si tunaonana wenyewe," nikamjibu.

Yeye ndiye aliyenizoesha treni. Hospitali ni mwisho wa njia, aliniambia. Watu wote wakishuka, nawe shuka. Lakini tangu alazwe njia ilikuwa imerefushwa. Mukhisa alijua, akaniagiza nimwangalie yeye atakaposhuka. Nikaitikia. Kumbe kumwangalia mkwe usoni ni kazi ambayo shingo yangu haikuijua. Nilitazama dirisha. Treni ikaingia chini ya ardhi, simu ikanyamaza, na tuliposimama wakashuka wachache tu. Nikangoja wote washuke.

Walishuka kwenye stesheni mpya, bado inanuka rangi. Nikabaki peke yangu na mkoba.

Mukhisa alikuja na treni iliyofuata. Alisimama kando, amenipa mgongo.

"Tutamkuta?" nikamuuliza.

Akatazama saa yake. Nikamwambia, "Geuka, mwanangu. Twende."

Kurudi, aliketi mbele yangu. Nikaona ndevu zake zina mvi, na macho yamevimba. Miaka yote hiyo sikuwa nimejua sura ya mtu aliyemlisha mwanangu.

Tulikuta kitanda cha Lorna tayari kinasukumwa. Nesi akasema kuna nafasi ya mmoja, na haraka. Mukhisa ndiye mume. Nilihisi kiganja chake mgongoni, kinanisukuma mbele taratibu.

Lorna alikuwa macho. Nilimshika mkono. Akatazama nyuma yangu.

"Mukhisa yuko wapi?"

"Yuko hapo nje."

"Mwambie aingie, mama."

Mlango ukafungwa. Hakuamka tena.

Tulimzika kwa kina Mukhisa, Kibabii. Yeye alisimama ng'ambo ya kaburi, mimi nimejitanda leso mpaka machoni, kama inavyotakiwa.

Hunipigia simu kila Jumapili kutoka Seattle. Huulizia magoti yangu, huuliza kama mahindi ya Kitale yamepata mvua. Hajaniuliza Lorna alisema nini. Nangoja aniulize, kisha namwambia mvua ipo.