Siku Tatu kwa Kila Mmoja

Kiwandani, cherehani zilikuwa zimeshika kasi. Bi Kola, aliyepewa jina hilo kwa kushona kola za mashati tangu usichana wake, alikuwa ameinamia kazi msimamizi alipomwita pembeni, kwenye marobota ya vitambaa.

"Dada, mambo yameharibika. Mashati yetu yamepandishiwa ushuru huko ng'ambo, wanunuzi wamekata oda. Leo nusu yenu mnakwenda nyumbani. Wewe utabaki. Ila hayo mambo ya chama cha wafanyakazi, jitoe kimyakimya."

Bi Kola aligeuka. Jirani yake wa cherehani, mshona vifungo mwenye mimba kubwa, alikuwa amevua kiatu kimoja kwa kuvimba mguu.

"Na yule?"

"Yule ndiye wa kwanza."

Kubaki kulimtamanisha, hakujidanganya. Kodi ya chumba ilikuwa imepanda juzijuzi tu. Lakini hakurudi kwenye kiti chake. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya kukatia, kwa katibu wa chama, mkata vitambaa mwenye sauti ya kukwaruza.

"Kaka, wanatupunguza chinichini."

Katibu akaweka mkasi chini. Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine, watu wakajaa mbele ya ofisi.

"Huo ushuru sikuuweka mimi," meneja alisema, akijifuta jasho.

"Wala sisi, bosi," katibu alijibu. "Lakini tulikubaliana, hafukuzwi mtu kabla ya kukaa mezani. Basi tukae."

Wakakaa mpaka chai ya meneja ikapoa. Katibu alipotoka, aliwaeleza: hakuna anayefukuzwa. Kazi iliyopo watagawana, siku tatu kwa wiki kila mmoja, mpaka oda zirudi. Anayekubali anyooshe mkono.

Bi Kola alijua anachopoteza. Mkono wake ndio uliotangulia.

"Sasa utakula nini, dada?" mshona vifungo alimnong'oneza, machozi yakimlengalenga.

"Tutabanana hivyohivyo. Na wewe vaa kiatu, unakiaibisha chama."

Alhamisi, siku yao ya kwanza bila kazi, Bi Kola, mshona vifungo na wenzao kadhaa walikuwa wakianika nguo uani. Gari la meneja likapita likielekea kiwandani. Yeye siku zake hazikupunguzwa.

"Mwacheni aende," Bi Kola alisema, akikung'uta shuka. "Leo ashone kola mwenyewe."

Wakacheka, mpaka mjamzito akashika tumbo na kuomba wamwonee huruma.