Mshipa Usio na Damu

Kama kungekuwa na mashindano ya kujisifu, Zacharia angeleta kombe Thika bila kutoa jasho. Alikuwa dresa tu wa thieta katika hospitali ya misheni, mtu wa kushika koleo na kufuta damu, lakini alitembea wodini kama yeye ndiye aliyemfundisha Daktari Harbans kazi. Nesi Magdalene alimvumilia kama mtu anavyovumilia viatu vya kubana siku ya kanisa.

Asubuhi moja ya mwaka 1957 Zacharia alianza kunung'unika wakiwa bado wananawa mikono.

"Huyu Kalasinga Harbans atatuweka masaa manne tena. Yule daktari aliyemtangulia alimaliza kwa saa moja na nusu. Kata, toa, shona, chai."

"Na wagonjwa wake?"

"Walipona kansa."

"Walipona, na mpaka leo wanatembea na mpira wa mkojo na chupa chini ya nguo. Wewe hukuwafulia shuka, Zacharia. Ungewafulia, ungefunga mdomo."

Mgonjwa wao alikuwa Gathoni, mama wa Gitothua, kule Ruiru, aliyekuwa akianika katani kwenye shamba la mkonge. Kansa ilikuwa imemshika mlango wa uzazi; ilibidi kizazi kitolewe pamoja na nyama zinazokizunguka. Jana yake alikuwa amemshika Magdalene mkono.

"Nesi, kufa siogopi sana. Kunuka mkojo mbele ya wajukuu ndiko ninakoogopa."

Mezani, Daktari Harbans alitenganisha nyama kidogo kidogo. Chini ya mshipa mnene wa damu zilipita nyuzi nyeupe, zile zinazokiambia kibofu kwamba kimejaa, kijikamue. Ukizikata, kibofu hubaki mfuko tu. Daktari aliyajua hayo yote vizuri, ila Kiswahili chake alikiokota dukani kwa baba yake.

"Hii mshipa bana," alisema. "Hii mshipa wacha."

Zacharia akabana yote miwili. Koleo likalia ta.

"Mimi nasema hii wacha."

"Daktari, umesema mshipa. Mshipa ni mshipa. Na huu hata damu hauna, ni wa nini?"

Magdalene alimtazama juu ya kitambaa cha mdomo. Miaka sita mtu huyu amesimama mbele ya matumbo yaliyofunguliwa, na bado anadhani kisichotoka damu hakina kazi. Mbuzi angesimama hapo miaka sita angejifunza zaidi.

"Daktari," alisema, "ukitaja mshipa, yeye anasikia damu. Wa damu uite mshipa. Huo mweupe uite katani."

Daktari akalifungua koleo kwa mkono wake. Nyuzi zilikuwa hazijakatika, lakini upande mmoja zilikuwa zimebonyea. Akazigusa kwa ncha ya kidole.

"Mungu anajua," akasema.

Tangu hapo zilisikika amri mbili tu. Mshipa, bana. Katani, wacha. Masaa manne na dakika ishirini. Zacharia alipiga miayo kwa makusudi.

Siku ya kumi mpira wa mkojo ulitolewa. Gathoni akanywa uji, akanywa maji, akanywa tena. Saa tatu ikapita, saa nne, saa tano, hata tone. Magdalene alisimama kando ya kitanda, ndani ya pazia, akiomba, na maombi yakimkatikia njiani: Bwana, nyuzi hizi ulizifuma wewe, wewe si kama Zacharia...

Saa sita Zacharia akaja na sinia, mpira mpya juu yake umeshachemshwa. Uso wake uling'aa kama wa mtu aliyealikwa arusini.

"Si niliwaambia?" alisema nje ya pazia. "Katani ni ya kusokota kamba."

"Hebu nyamaza," Gathoni akamjibu. "Nasikia kitu. Nesi, lete chombo, haraka."

Kwanza kimya. Kisha mlio mdogo, ukasita, ukarudi kwa nguvu. Gathoni alijifunika uso kwa shuka, na mabega yake yakatikisika.

Magdalene akatoka na chombo kimejaa karibu kufika ukingoni. Akakiweka juu ya sinia la Zacharia, juu kabisa ya ule mpira.

"Kamwage, dresa. Na ukague vizuri kama kuna damu humo."

Zacharia akalibeba kwa mikono miwili. Hakuwahi kutembea polepole namna ile maishani mwake.