Ute wa Nyaya

Siku ya kwanza ya juma, chai haijachemka, mfanya usafi alikuwa ameshatandaza mabeseni chini ya kompyuta zote za chumba cha sauti. Nyaya zilikuwa zimetoka tena. Zilipenya pembeni mwa skrini na kuning'inia hadi sakafuni, za kijivu na laini kama matumbo yasiyooshwa, zikidondosha ute. Harufu yake iliingia hadi kwenye sukari.

"Inua miguu," mfanya usafi alimwambia fundi, naye akainua.

Kampuni ilitengeneza programu ya kusafisha sauti za watu wanaopiga simu kuomba gari la wagonjwa. Programu yenyewe haikuandikwa, ilichorwa: vijisanduku vya rangi kwenye skrini, vimeunganishwa kwa nyaya za kuchora, sauti ikiingia huku na kutokea kule. Kila aliyepita hapo aliongeza nyaya zake, hadi ikawa hakuna ajuaye waya upi unakwenda wapi. Ndipo zilipoanza kutoka nje. Mkuu wa kitengo akanunua mabeseni.

Fundi alichoka kula huku amebana pua. Akaamua kuiandika programu upya kwa maneno matupu, mstari baada ya mstari, ili mtu aisome kama anavyosoma gazeti. Kila waya aliomaliza kuuandika ulisinyaa, ukakauka, ukadondoka, na mfanya usafi akauzoa. Wenzake walimshukuru.

Ukabaki waya mmoja, mnene kama mkono, uliojificha nyuma ya vijisanduku vyote. Fundi aliufuata kwa subira mpaka mwisho wake. Waya wote ulitoshea kwenye mstari mmoja: mpigaji akilia au kupiga kelele, sauti yake izimwe.

Aliusoma tena, kisha akaukamua ule waya. Ute ulimwagika kiganjani, na ndani yake sauti ya mwanamke ikasema, "Hapumui, njooni, tuko nyuma ya kiwanda cha sabuni." Ilikuwa sauti ya shangazi yake.

Shangazi alifiwa na mumewe mwaka uliopita. Karani wa simu alieleza kuwa aliyepiga hakusema neno, na mawifi wakashikilia hapo hapo: alinyamaza makusudi. Tangu hapo aliishi chumba cha uani kwa fundi, akizungumza kidogo, kama mtu asiyeuamini mdomo wake.

Fundi alimpelekea mkuu ule mstari.

"Mtu akilia, karani hasikii kitu," alisema. "Anakata simu."

"Makarani walilalamika," mkuu alijibu, akifuta kiatu chake. "Vilio viliwaumiza kichwa. Niliuweka mimi. Sasa wewe umeuandika hivi, mkaguzi akija atausoma hata akiwa amesimama mlangoni. Rudisha vijisanduku."

"Na nyaya?"

"Nyaya tumeshazizoea, dada."

Jioni fundi alibeba ule ute kwenye kopo la siagi. Shangazi alilifunua, akasogeza sikio. Alisikiliza mpaka mwisho, uso umekunjamana kwa uvundo.

"Ni mimi," alisema. "Kumbe nilisema. Hata kiwanda nilikitaja."

"Ulikitaja, shangazi."

Kesho yake shangazi alijitanda mtandio wake mzuri, akalipeleka kopo kwa mawifi. Walilisikiliza pale pale mlangoni, wamebana pua. Mkubwa wao alikubali kwamba sauti ni yake, ila kama angeongea kwa utulivu angesikika. Kisha wakamwomba asiliache hapo, maana linanuka.

Kazini, fundi alikataa kurudisha vijisanduku. Mkuu hakugombana naye, akampa kazi hiyo mtu wa meza ya pili, naye akavirudisha huku akipiga mluzi. Kabla ya adhuhuri nyaya zilikuwa zimefika sakafuni, na programu ikapelekwa kwenye miji mingine miwili iliyoiomba.

Fundi alivuta kiti, akakunja mikono ya shati, akaanza kuzikamua nyaya moja moja, akitafuta sauti yenye anwani ambayo gari bado lingeweza kuiwahi. Ya kwanza ilikuwa ya mtoto. Alilia, lakini alieleza vizuri kabisa: mtaa, geti la bluu, mama ameanguka jikoni. Ute wake ulikuwa umeshapoa. Fundi alijifuta kiganja kwenye suruali, akashika waya unaofuata.